Maktaba ya Sauti na Wategemezi Wake Arobaini na Saba

Nchi yenyewe siitaji. Niliomba kibali cha kuitaja, nikaambiwa fomu za kutaja zimekwisha, nijaze za kutotaja. Nikajaza. Mimi ni karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Sauti, Picha na Utulivu, na kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuandika yote yanayosemwa vikaoni, isipokuwa yale yanayosemwa kweli. Haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu. Palipo na kasoro, lawama ni za macho, si za Wizara.

Ilikuwa Jumatatu, wiki tano kabla ya Jubilei ya Dhahabu ya taifa, redio ya taifa ilipokuwa bubu. Haikuharibika. Mitambo ilikuwa mizima, na umeme, kwa namna isiyo ya kawaida, ulikuwepo. Ila kila kilichohifadhiwa pale, nyimbo, ngonjera, michezo ya redio na hotuba za nusu karne, kilikuwa kimefungiwa ndani ya programu moja ya kompyuta tuliyopewa zawadi na kampuni ya ng'ambo. Siku hiyo kampuni iliamua kwamba programu hiyo imezeeka. Ukibofya wimbo wa taifa, kompyuta inakuandikia kwa adabu kwamba muda wa zawadi umekwisha.

Kwa siku tatu wimbo wa taifa uliimbwa mubashara, saa kumi na mbili asubuhi, na msoma habari, mlinzi wa lango na mpishi wa kantini. Mpishi alikuwa na sauti nzuri. Siku ya pili zikaja barua za pongezi, siku ya tatu mpishi akaomba cheo, na hapo ndipo Waziri alipoona kwamba taifa liko hatarini, akaitisha kikao.

Waziri wetu ni Mheshimiwa Dakta Injinia Telesphori Mkwizu. Udakta alipewa na chuo alichokizindua. Uinjinia alipewa na daraja.

Aliyeitwa kutoa ushauri alikuwa fundi mitambo wa redio, Bi Nyamizi Kaswende, mwanamke mpole mwenye kasoro moja iliyoandikwa katika jalada lake: akiulizwa swali, hulijibu.

"Inawezekana, Mheshimiwa," alisema. "Tuachane na programu za zawadi. Kompyuta zetu tuziwekee mfumo endeshi huria, halafu juu yake tujenge maktaba ya sauti na picha."

"Huria maana yake nini?" aliuliza Bwana Kihongole, afisa usalama wa Wizara, ambaye hukaa nyuma ya pazia hata pasipo na pazia.

"Ni programu ambayo maandishi yake yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyatumia. Hakuna atakayetufungia."

"Mwenyewe ni nani?"

"Watu wote waliochangia kuiandika."

"Wana mwenyekiti?"

"Hapana."

"Wanakutania wapi?"

"Hawakutani, afande. Wengi wao hawajawahi kuonana."

Bwana Kihongole akaandika: *kikundi kisichokutana*. Akapiga mistari miwili chini yake. Katika maisha yake yote ya kazi alikuwa amevunja mikutano mingi, na hili la kikundi kisicho na mkutano wa kuvunja lilimnyima raha mwezi mzima.

Waziri hakuyasikia hayo. Neno moja lilikuwa limeshamwingia. "Umesema tujenge maktaba," alisema. "Nchi hii haijawahi kushindwa kujenga. Imewahi kushindwa kumaliza tu."

"Maktaba hii si jengo, Mheshimiwa. Kwa mafundi wa kompyuta, maktaba ni kifurushi cha vipande vidogo vya programu. Kimoja kinajua kufungua sauti, kingine picha, kingine kinazipanga. Programu nyingine zinaviazima vinapohitajika."

"Kifurushi kitahitaji pa kukiweka," alisema Waziri, na kikao kizima kikapiga makofi.

*

Wiki ile ile msingi ulichimbwa. Kabla kuta hazijafika magotini, Maktaba ya Taifa ya Sauti ilikuwa na mkurugenzi, mkurugenzi alikuwa na dereva, na dereva alikuwa likizo.

Mimi nami nilichangia, kwa kalamu. Katika kumbukumbu za kikao niliandika, kama alivyosema Bi Nyamizi, kwamba maktaba itajengwa moja kwa moja kutoka kwenye chanzo. Alikuwa na maana ya yale maandishi ya awali ya programu, ambayo kompyuta huyasoma na kuyageuza kuwa kitu kinachofanya kazi. Nakala ikafika Wizara ya Maji. Wataalamu wanne wakaja na mabuti, wakachimba mashimo matatu nyuma ya studio kutafuta chanzo, na katika shimo la pili wakakipata. Mpaka leo redio ndiyo idara pekee ya serikali yenye maji ya uhakika.

Bi Nyamizi mwenyewe alipewa stoo ya bendera zilizochakaa, na meza yenye miguu mitatu. Hakulalamika. Aliweka mfumo huria kwenye kompyuta ya kwanza, akapakua maandishi ya maktaba, akaiamuru kompyuta ijenge. Herufi nyeupe zikateremka kwenye kioo cheusi kama mchele unaomwagwa, kisha zikakwama.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Kipande hiki hakiwezi kujengwa mpaka kile kiwepo. Na kile kinamtegemea mwingine. Wapo arobaini na saba wa namna hiyo."

Niliandika: *wategemezi arobaini na saba*. Nakala ikaenda Ustawi wa Jamii.

Afisa ustawi aliyekuja alikuwa mama mwenye huruma ya kazini, ile inayoanza saa mbili na kuisha saa tisa na nusu. Aliketi mbele ya Bi Nyamizi na fomu arobaini na saba.

"Tuanze na mkubwa. Shughuli yake nini?"

"Anabana sauti, halafu anaibanua."

"Pumu," aliandika yule mama. "Baba?"

"Wengi."

Kalamu ikatua mezani. "Pole sana, mwanangu. Na wote wanaishi na wewe?"

"Wako kwenye folda moja."

"Arobaini na saba, chumba kimoja," alisema, akaifunga mikono yake kifuani. Hakuuliza tena. Keshokutwa yake yakaletwa mablanketi arobaini na saba ya serikali. Bi Nyamizi akaomba nyundo. Aliyapigilia ukutani yote, na stoo ya bendera ikawa na utulivu wa sauti ambao studio kuu haijawahi kuupata.

Mtu asidhani ilikuwa michezo mitupu. Wiki mbili na nusu alikaa mle. Kila alipojenga, kilikosekana kitu. Alipokipata, kilikuwa kipya mno kwa mwenzake wa zamani, au cha zamani mno kwa mwenzake mpya. Mara kumi na tisa alianza upya. Siku moja nilimletea chai nikamkuta amelaza kichwa juu ya kibodi ya kompyuta, na kioo kimejaa herufi *j* kutoka juu mpaka chini.

"Ndugu karani," alisema bila kuinuka, "unajua kuna nini mle? Kuna kwaya za viwanda ambavyo vimeshabomolewa. Kuna wazee walioeleza majina ya mito. Watu hao wamekufa, na sauti zao zimefungwa kwa sababu mtu mmoja huko ng'ambo aliamua programu imezeeka."

Sikuandika hilo. Halikuwa la kikao.

Siku iliyofuata vipande vyote vilikubaliana na maktaba ikajengeka. Ilicheza nyimbo mpya, ilicheza picha, ilicheza hata harusi ya mlinzi wa lango. Kitu kimoja tu kilibaki: hakuna popote duniani aliyewahi kuandika kipande cha kufungua sauti zilizofungwa na ile kampuni ya zawadi. Bi Nyamizi akauliza kwa wale wasiokutana. Baada ya siku mbili alijibiwa na mtu asiyemjua, kutoka mahali ambako, kwa maelezo yake, theluji ilikuwa imeziba mlango. Alikuwa ameambatisha nusu ya programu na ujumbe mfupi: nilianza zamani, nikaishia hapa, malizia. Ili kumalizia, ilibidi kujua zile kanda za zamani ziliingizwaje kwenye kompyuta, na aliyejua ni mtu mmoja tu, fundi mstaafu aitwaye Mzee Chubwa.

*

Mzee Chubwa alikuwa akifuga sungura pembeni mwa mji mkuu. Tulikwenda mimi na Bi Nyamizi. Bwana Kihongole alitufuata kwa siri na gari lake mpaka likaishiwa mafuta, akaomba tumpakie.

"Shikamoo, mzee," tulisema.

"Marahaba. Mmekuja kwa sungura au kwa kanda?"

"Kanda," alisema Bi Nyamizi.

"Nilijua siku moja atakuja mtu wa kanda." Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule lililovimba kwa unyevu. "Yule kijana wa kampuni alipokuwa akiziingiza, nilinakili kila kitufe alichobonyeza. Sikujua maana yake. Nilikuwa na muda, wino ulikuwepo."

Bi Nyamizi alifungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, na nikauona uso wake unabadilika kama wa mtu aliyeokota ufunguo wake mwenyewe.

"Na hotuba ya Mwasisi?" aliuliza. "Waziri anaitaka kwa ajili ya Jubilei."

Hapa sina budi kueleza. Mwasisi wa taifa letu alihutubia siku ya kwanza ya uhuru, na maneno yake kila mtu anayajua: *Fanyeni kazi, msiulize.* Yameandikwa kwenye sarafu, kwenye khanga za maadhimisho, na juu ya kila dirisha la mapokezi katika kila hospitali. Redio huyapiga kila mwaka. Ni sekunde kumi na moja, pamoja na makofi.

"Kile kipande nilikikata mimi kwa wembe, kwenye nakala," alisema Mzee Chubwa. "Kwa amri, baada ya yeye kufa. Kanda nzima ni dakika kumi na mbili, nayo imo kwenye kompyuta zenu. Nilirekodi kwa mwendo wa nusu maana kanda zilikuwa haba, kwa hiyo itakimbia, uipunguze. Hakuna aliyewahi kuiomba."

"Katika hizo dakika nyingine alisema nini, mzee?"

Mzee Chubwa alimpa sungura jani la kabichi, akangoja alimalize.

"Alimaliza sentensi," alisema.

*

Ijumaa, ndani ya mablanketi, faili lilifunguka kwa mara ya kwanza. Mwasisi wa taifa alisema kwa sauti ya kifaranga, haraka haraka, na kundi la vifaranga likampigia makofi. Bwana Kihongole alisimama wima kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaondoka kwenda kuandika ripoti juu ya watu wasiojulikana waliomgeuza Mwasisi kuwa kuku. Kwa sababu ya ripoti hiyo hakuwepo dakika kumi baadaye, Bi Nyamizi alipopunguza mwendo, na Mwasisi akarudi kuwa mtu, mwenye kikohozi kidogo na sauti iliyochoka.

Tulisikiliza mpaka mwisho. Mimi, kwa taarifa rasmi, nilikuwa nikichonga penseli.

"Kata," nilimwambia. "Wape zile sekunde kumi na moja. Ndizo wanazozijua."

Aliondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia. "Na mtu akiniuliza kama ndiyo yote, nitamjibu nini?"

"Utasema ndiyo."

"Siwezi. Naogopa, ndugu yangu, lakini hilo siwezi. Nitawaambia waisikilize kwanza. Wakiamua kukata, watakata wao."

Akaandika barua: hotuba kamili imepatikana, naomba isikilizwe na wahusika kabla ya siku yenyewe. Barua ikapanda ngazi. Katibu wa Wizara akajibu kwamba hawezi kumsikiliza Mwasisi kabla ya Waziri. Ofisi ya Waziri ikajibu kwamba Waziri hawezi kumsikiliza kabla ya Rais. Ikulu ikajibu kwamba Rais atamsikiliza siku ya maadhimisho, kama ratiba inavyosema. Barua ilirudi na mihuri tisa, na kila mhuri ulisema *imeidhinishwa*.

Bado hakuridhika. Alimfuata Waziri kwenye ngazi za Wizara.

"Ni dakika ngapi?" aliuliza Waziri.

"Kumi na mbili, Mheshimiwa."

"Mwenzangu aliyenitangulia alicheza sekunde kumi na moja. Mimi nitacheza dakika kumi na mbili. Historia itaona nani alimpenda Mwasisi zaidi."

"Ningeomba uisikilize kwanza."

"Bi Nyamizi, maneno ya Mwasisi ninayajua kwa moyo," alisema Waziri, akaweka mkono kifuani. "Yote matatu."

*

Uwanja wa taifa ulijaa. Bendi ilipiga, watoto wa halaiki walijipanga wakaandika HAMSINI kwa miili yao, ingawa N ilizimia kwa jua. Rais, mzee mwenye miwani mizito, alikaa jukwaani katikati ya mawaziri ishirini na sita. Waziri wetu alihutubia nusu saa juu ya maktaba aliyoijenga kwa mikono yake, kisha akampa ishara Bi Nyamizi, aliyekuwa chini ya jukwaa na kompyuta yake. Mimi nilikuwa kando yake. Nilimwona akivuta pumzi, akabonyeza.

*Fanyeni kazi, msiulize,* ilisema sauti iliyochoka, na uwanja mzima ukaanza kupiga makofi kama ulivyozoea. Lakini sauti iliendelea, na makofi yakadondoka moja moja.

*Msiulize mwenzenu katoka kabila gani. Msiulize anaswali wapi. Wa kuulizwa ni sisi tulio juu ya jukwaa hili. Mtuulize kila mwaka, siku kama ya leo, hapa hapa. Asiyejua kujibu aseme hajui. Asiyetaka kujibu ashuke.*

Zilifuata dakika nyingine kumi na moja, za shule, za visima, za kuomba radhi kwa yale ambayo bado hayajafanyika. Nadhani watu wachache walizisikia. Ilipokwisha, kulikuwa na kimya ambacho hakikuwa kwenye ratiba.

Kisha mwanamke mmoja katika viti vya jua akasimama. Alikuwa amejifunga khanga ya Jubilei yenyewe.

"Naitwa Zamda Ngwale, wa Kwa Mbiru," alisema, na kwa kuwa uwanja ulikuwa kimya, alisikika. "Nina swali. Zahanati yetu, mlango wake tuliupokea mwaka juzi. Tumeuegemeza kwenye mti. Jengo linakuja lini?"

Waziri wa Afya alimtazama Waziri wa Ujenzi. Waziri wa Ujenzi alimtazama Waziri wa Misitu, kwa sababu ya mti. Halafu Waziri wa Afya akakumbuka kwamba amesahau miwani yake garini, akashuka. Wa Ujenzi akashuka kumsaidia kuitafuta. Mmoja alishuka kwa simu, mwingine kwa tumbo, wawili walishuka wakibishana nani aende na nani abaki. Waziri wetu alishuka wa mwisho, kinyumenyume, akitabasamu. Jukwaani akabaki Rais peke yake na viti ishirini na sita.

Alivitazama viti hivyo, kimoja kimoja. Kisha akavuta kipaza sauti.

"Sijui," alisema Rais. "Sikujua hata kama mlango ulifika. Nitauliza."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kutoka pale juu. Watu hawakujua wafanye nini nalo. Yule mama Zamda alifikiri kidogo, akasema, "Haya, tutangoja," akaketi. Na hapo uwanja ukapiga makofi, si yale ya ratiba, mengine.

*

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Tume iliundwa. Tume ilisema Mwasisi hangeweza kusema vile, hivyo kosa ni la programu. Ili kosa lionekane, iliamriwa maandishi yote ya programu yawekwe hadharani kwa siku tisini pamoja na ile sauti, wananchi wenye utaalamu watoe maoni. Bi Nyamizi aliiambia Tume kwamba maandishi yalikuwa hadharani tangu mwanzo. Tume ikamwonya kwa kukiuka utaratibu wa kuyaweka. Mpaka siku tisini zinaisha, hotuba ilikuwa imenakiliwa kwenye simu nyingi kuliko idadi ya wapiga kura. Maoni yaliyopokelewa yalikuwa matatu. Moja lilitoka kwa mtu wa theluji, amesahihisha nukta iliyokosewa.

Zahanati ya Kwa Mbiru ilipelekewa madirisha. Ni hatua.

Waziri wetu akawa balozi. Bi Nyamizi, kwa adhabu, alihamishiwa kwenye lile jengo la Maktaba ya Taifa ya Sauti, ambalo lilikuwa na rafu tupu, mkurugenzi asiyeonekana, na paa upande mmoja. Alihama na kompyuta zake na mablanketi yake. Akaweka viti na visikizi vya masikioni, akafungua mlango.

Wiki ya pili akaja Bwana Kihongole na jalada chini ya kwapa. Nilikuwepo, nimetumwa kuandika kumbukumbu za mahojiano.

"Ile hotuba," alisema. "Unaweza kuifuta?"

"Hapa ndiyo. Kwa waliokwisha kuichukua, siwezi."

"Na sauti nyingine zote ziko humu?"

"Zote zilizofunguka. Elfu tisa na kitu."

Bwana Kihongole alilifungua jalada, akalifunga. Alinitazama mpaka nikaweka kalamu chini.

"Kulikuwa na kiwanda cha magunia," alisema. "Akina mama wa pale walikuwa na kwaya. Redio iliwahi kwenda kuwarekodi, mimi nikiwa darasa la pili. Kuna mmoja anaanzisha wimbo peke yake, halafu wenzake wanaitikia. Huyo wa kwanza." Akalifungua jalada tena, akalifunga. "Sina picha yake."

Bi Nyamizi hakuuliza jina. Alitafuta, akapata, akamvisha visikizi, akambonyezea. Sisi hatukusikia kitu. Tuliona tu mtu mzima amekaa wima kama alivyosimama siku ile ya sauti ya kifaranga, mikono juu ya magoti, na midomo yake inaitikia mahali pa wenzake.

Alirudia mara nne. Kisha alivua visikizi, akajifuta uso kwa kitambaa, akachukua jalada na kuandika ripoti yake pale pale, mstari mmoja, akanipa niigonge mhuri. Ilisema uchunguzi haujakamilika na mchunguzi atalazimika kurudi. Tangu hapo unaendelea, kila Alhamisi, kuanzia saa nane mchana.